Ini la Shemeji Floribert

Nilipoolewa na Ézéchiel, mdogo wake Floribert alikuwa bado na mapengo ya meno ya utoto. Mimi ndiye niliyempeleka shule siku yake ya kwanza, na mimi ndiye niliyemwona akiiacha, ili afuate ng'ombe wa baba yake upande wa Iga Barrière. Wale ng'ombe aliwajua mmoja mmoja. Akimwita mmoja kwa jina, wengine hawakuinua hata kichwa. Kisha asubuhi moja watu wenye bunduki wakawachukua wote, na Floribert akafika kwetu Ngezi, mjini Bunia, akiwa na fimbo tu mkononi. Hakulia. Aliomba maji, akalala mpaka kesho yake, halafu akaenda kutafuta baiskeli.

Tangu hapo kazi yake ikawa maziwa. Aliyapokea kwa wachungaji kandokando ya barabara, akafunga bidoni mbili, madumu ya plastiki, nyuma ya baiskeli, akaingia nayo Bunia kabla jua halijawa kali. Barabara ikifungwa kwa ajili ya vita, alikaa kwa mama yake mtaani Bigo, akitengeneza baiskeli ambayo haikuwa imeharibika. Hakuoa, kwa kuwa ng'ombe wa mahari yake walikuwa katika wale waliochukuliwa. Alikuwa mwembamba hata wanawake wa sokoni walimwita Fimbo, naye alikuwa na jibu lao.

"Fimbo njo inachunga ngombe. Mutu munene anachunga nini? Sufuria!"

Binti yetu mdogo, Elodie, alikuwa na miaka kumi na tisa alipoanza kubadilika. Mimi ni mama wa kuchunguza. Watoto wangu wamenilalamikia hivyo tangu wakiwa wadogo. Niliona weupe wa macho yake umekuwa manjano. Niliona anajikuna mikono mpaka inatoa damu. Niliona mashavu yanakonda huku sketi inakataa kufungwa kiunoni. Majirani walianza kunong'ona juu ya mimba, na Mungu anisamehe, nami nilimkalisha nikamuuliza mara mbili. Haikuwa mimba. Yalikuwa maji.

Daktari Vital, kijana mwenye sauti ya chini, alimtoboa tumbo akayatoa yale maji, na baada ya muda yakajaa tena. Ndipo alipotuita, mimi na Ézéchiel, akafunga mlango.

"Mama Débora, ini ya mutoto imekauka. Hakuna dawa ya kuirudisha. Inaomba kipande ya ini ya mutu muzima, mutu wa familia."

"Na ule mutu anabakia na nini?"

"Ini inaota tena, mama. Ya kwake inaota, na ile kipande inaota ndani ya mutoto. Lakini ile kazi haiko hapa. Ni India."

Namna fedha zilivyopatikana ni habari nyingine. Wakristo wa parokia yetu wanaijua, na shamba tulilokuwa nalo linaijua. Lililotushinda ni mtu wa kutoa. Tulipimwa damu wote. Ézéchiel alikutwa na kirusi kilekile kilichokausha ini la Elodie, kimelala katika damu yake bila yeye kujua. Débora, kifungua mimba wetu, alikuwa na mimba kubwa. Damu yangu mimi ilipingana na ya Elodie. Mtoto nimemzaa mwenyewe, na damu yangu haimfai! Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi ya hospitali, nikawa naangalia watu wakipita.

Hapo nikamwona Floribert anasukuma baiskeli kuingia uani, bidoni zikiwa bado zimejaa. Mlinzi alimpigia kelele. Yeye akaegemeza baiskeli ukutani na kusema, "Mulinde maziwa, baba. Mupime na ya Fimbo."

Damu yake ilikubali. Picha ya tumbo, ile wanayoiita ekografi, ilionyesha ini safi.

Lakini hospitali ya India haikutazama ini la Floribert peke yake, wala ugonjwa wa Elodie peke yake. Iliwaweka wawili pamoja: umri wa huyu na wa yule, kilo, urefu, ukubwa wa kipande na mwili utakaokipokea, figo za Elodie, chumvi ya damu yake. Halafu waliwalinganisha na watu wengine wengi, wawili wawili, waliokwisha kupita njia hiyo, wakapata namba. Nililielewa jambo hilo haraka kuliko Ézéchiel. Wazee wetu hufanya hivyo kabla ya ndoa. Hawaulizi tu kama kijana ni mwema au msichana ni mwema. Wanauliza kama hawa wawili wakikutanishwa watadumu.

"Quatre-vingt-deux," alisema Daktari Vital. "Wagonjwa mia wenye kupata ini ya namna hii, makumi nane na mbili wanapita mwaka wa kwanza."

Ézéchiel akamshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nilikuwa nawafikiria wale kumi na wanane na mama zao.

Ilibaki ruhusa ya mama mkwe wangu, Domitille. Ni mjane, na Floribert ni mtoto wake wa mwisho. Tulikwenda Bigo tukakaa mbele yake, akasikiliza mpaka mwisho bila kutikisa kichwa.

"Mwana yangu hajazaa," alisema. "Na siku anakufa, jina yake inaishia kwa baiskeli. Ile njo munataka kupasua?"

Floribert akasema, "Mama, mutoto anakufa."

"Nimesikia. Siko kiziwi." Akamtazama Floribert toka kichwani mpaka miguuni. "Basi. Lakini hamutapasua fimbo. Kama ni kukatwa, akatwe akiwa mutu. Maziwa yake nitaleta miye mwenyewe."

Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kosa katika maneno yale. Sisi ni watu wa ng'ombe. Ng'ombe anayekaribia kuzaa haendeshwi mbali. Analetewa majani mazuri pale alipo. Daktari alikuwa amekataza pombe, hakuna aliyemuuliza habari za chakula, na ni nani angeuliza kama maziwa yanadhuru?

Floribert akahamia kwetu. Baiskeli ikafungwa mnyororo nyuma ya jiko. Kila asubuhi Domitille alishuka kwenye pikipiki na kibuyu chake, maziwa yenye mafuta yake yote juu, akakaa mpaka kibuyu kiishe. Mchana wanawake wa kanisa walileta nyama na ndizi za kukaanga. Jioni mimi nilipika ugali wetu wa fufu na nikamwekea mkubwa kuliko wa mume wangu. Pasipoti zilichelewa, kisha viza zikachelewa, na kila zilipochelewa tuliongeza chakula. Mashavu ya Floribert yakajaa. Shati likaacha kufungika.

"Sasa iko mutu!" wanawake walimpigia makofi. "Fimbo imekuwa nguzo!"

"Musiniite tena Fimbo. Muniite Patron."

Siku moja alikaa kando ya Elodie kwenye mkeka, akapandisha shati. "Tupime," akasema. Elodie akaweka tumbo lake karibu na la kwake.

"Baba mudogo, tumeenda sawasawa! Unazaa mwezi gani?"

Walicheka mpaka Elodie akaanza kukohoa na ikabidi nimlaze. Mimi pia nilicheka.

Kabla ya safari India waliomba picha mpya. Nilisimama miguuni pa kitanda, Floribert amelala na mafuta yale ya baridi tumboni, anamtania nesi. Daktari Vital alipitisha kile chombo mara moja. Akarudia. Akageuza kioo upande wake ili tusikione. Nilikuwa naangalia uso wake, na kabla hajasema neno nilijua tumepotea.

"Huyu mutu amekula nini?"

Floribert akaacha kumtania nesi.

"Ini imeshika mafuta. Muone, imekuwa nyeupe. Ile ya mbele haikukuwa hivi."

Akatueleza polepole. Kipande chenye mafuta mengi kikitiwa ndani ya mtu mgonjwa sana kinachelewa kuamka, pengine hakiamki kabisa. Na lile litakalobaki kwa Floribert linaweza lisimtoshe yeye mwenyewe. India walihesabu upya. Watu ni walewale na damu ni ileile, lakini namba ilikuwa cinquante-trois, hamsini na tatu, na chini ya sitini hawampasui mtu. Floribert apunguze yale mafuta kwanza, wiki nyingi, kwa njaa na jasho.

"Na Elodie iko na wiki ngapi?" niliuliza.

Daktari Vital akapangusa kile chombo, akakirudisha mahali pake.

Mtu atafikiri kilichobaki kilikuwa rahisi: kuacha maziwa. Lakini kwetu, maziwa yanayotoka mkononi mwa mama hayakataliwi. Unayapokea kwa mikono miwili na unayamaliza mbele yake. Kuyakataa ni kumwambia kwamba unaogopa mkono wake. Ézéchiel alisema atamweleza mama yake kesho. Kesho ilifika, akasema ana mgeni. Kesho nyingine akasema kichwa kinamuuma. Na kila asubuhi pikipiki ilisimama mbele ya nyumba, mama akashuka na kibuyu, na Floribert akanywa. Mama akishaondoka, nilimwona Floribert anakwenda nyuma ya choo na kujitia kidole kooni.

"Shemeji, kwa nini hukatai?" nilimuuliza akijipangusa mdomo.

"Nitakatala namna gani, Mama Débora? Alitoa ruhusa juu ya ile maziwa. Nikikatala kibuyu, yeye anakatala kisu."

Siku zile Elodie alianza kuchanganya mambo. Aliniita kwa jina la dada yake. Aliosha sahani moja, akaifuta, akairudisha majini, akaiosha tena, mpaka nikamshika mikono. Alinitazama kama mtu anayeuliza njia. Daktari alisema ni sumu ambayo ini limeshindwa kuchuja, imepanda kichwani.

Asubuhi iliyofuata mama mkwe wangu alikuja kama kawaida. Wanawake wawili wa kanisa walikuwepo, wamekuja kuombea mgonjwa. Floribert alinyoosha mikono yake miwili. Nami nikaweka ya kwangu katikati.

"Mama, basi. Asinywe tena."

"Toka kwa njia, weye."

"Hapana, mama. Maziwa hii iko inaua Elodie."

Nilikuwa nimepanga kusema mengine. Nilikuwa nimepanga kuanza na heshima, na habari ya ile picha, na daktari. Lakini lililotoka ni hilo. Wanawake wa kanisa walishusha macho chini.

"Umesema nini?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Miye niko mulozi? Niko naua mujukuu yangu na maziwa? Sema tena, wamama wasikie muzuri."

"Mama, sio vile—"

"Sema tena!"

Aliweka kibuyu chini na kutoka. Nilimfuata mpaka barabarani nikieleza mafuta na picha na India, lakini maneno yangu hayakuweza kulikamata lile la kwanza. Kabla ya mchana Ngezi yote ilijua kwamba mke wa Ézéchiel amemwita mama mkwe wake mchawi. Kwetu hilo si neno la kuchezea. Nimeona nyumba ya mwanamke mzee ikichomwa kwa sababu ya neno hilo. Ézéchiel alitoa mto wake chumbani. Nilikwenda Bigo, nikapiga magoti mlangoni, nikabisha.

"Mulozi hayuko," alijibu kutoka ndani. "Ameenda kuloga. Rudi mangaribi."

Nilirudi jioni kweli. Hakufungua. Nilizunguka kwa majirani zake, mlango kwa mlango, nikawaambia nimekosa, yeye si mchawi, ulimi wangu ndio mbaya. Wengine walinisikiliza. Mwanamke mmoja alinijibu, "Moshi haikosake moto," na nikarudi nyumbani.

Floribert yeye alifungua mnyororo wa baiskeli. Alirudi kwenye barabara ya Iga na bidoni zake, akila mboga za lengalenga bila mafuta na samaki mdogo mara moja kwa siku. Alibeba maziwa ya watu wengine, akayanusa njia nzima, na hakuonja. Kuna siku alianguka na baiskeli karibu na mzunguko wa magari, maziwa yakamwagika, watu wakamcheka kwamba Patron amelewa. Alikuwa hajalewa, alikuwa na njaa. Mashavu yakashuka. Sasa majirani walisema namkausha shemeji yangu kwa makusudi, na wengine walisema ni yeye aliyejinenepesha kwa makusudi, kwa woga wa kisu. Hili la mwisho ndilo lililomuumiza.

"Wanasema nilikula juu ya kukimbia," aliniambia. Hakutia utani. "Mama Débora, na weye unawaza vile?"

"Chakula ni miye nilipika, shemeji."

Lakini kila alichokipata Floribert, Elodie alikipoteza. Yeye akipungua mafuta, Elodie alizidi maji. Yeye akipata nguvu ya kupanda mlima, Elodie alishindwa kugeuka kitandani, nami nilimgeuza, nikahesabu mbavu zake kwa vidole bila kutaka. Niliona kwamba ini linaweza kuwa safi kabisa siku ambayo hakutakuwa na mtu wa kulipokea.

Siku ya picha ya tatu tulikuta Domitille amekaa kwenye benchi la hospitali. Floribert ndiye aliyemwita. Mama mkwe hakunisalimu. Aliingia na mwanawe, akasimama karibu na kioo, na Daktari Vital akamwekea picha mbili pamoja, ile nyeupe na ile mpya.

Aliiangalia ile nyeupe kwa muda. "Ini ya namna hii nilishaona," alisema hatimaye. "Ya ngombe wa kufungwa nyumbani. Ukiigusa inavunjika." Akavuta kitambaa chake begani. "Na hii ingine?"

"Hii ni ya sasa, mama. Karibu yote imesafika."

India walihesabu mara ya mwisho. Soixante-et-un, sitini na moja. Ini la Floribert lilikuwa limepanda, Elodie alikuwa ameshuka, wakakutana hapo, juu kidogo tu ya mpaka. Walisema wanakubali, lakini uamuzi ni wa familia.

Tulikaa Bigo. Ézéchiel alishika kichwa. "Tunaweza kuzika wawili," alisema. "Kwa mia, makumi tatu na tisa hawapone. Ni wengi."

"Elodie si mia," nilisema. "Ni moja."

Floribert alikuwa anamwangalia mama yake, na sisi wote tukamwangalia huyo mama.

"Nilisema akatwe akiwa mutu," alisema Domitille. "Iko mutu. Aende."

Viza zilikuwa tatu: Elodie, Floribert, na Ézéchiel kama msindikizaji. Mimi nilibaki. Uwanjani nilimfunga Elodie kitenge changu kwenye miguu, naye akaniuliza tunakwenda harusi ya nani. Floribert akamjibu, "Ya miye na weye, ukubali," akambeba mgongoni mpaka kwenye ndege.

Asubuhi ya kupasuliwa kwao, mama mkwe wangu alifika nyumbani kwangu bila kuitwa. Alikaa upande mwingine wa benchi, simu ikiwa katikati yetu. Nilipika chai, haikunywewa. Mchana ulipita. Kila honi iliyolia barabarani nilidhani ni simu.

Ilipolia niliikamata kwa mikono miwili. "Elodie?"

"Ametoka," alisema Ézéchiel. Alikuwa analia. "Iko hai. Wanasema ini imeanza kazi, wameona nyongo."

Nilipiga kelele. Nilianguka magotini, nikamshukuru Mungu, nikabusu simu mpaka ikakatika. Nilipoinua kichwa, Domitille alikuwa bado amekaa vilevile, mikono juu ya mapaja.

"Na wangu?" aliuliza.

Sikuwa nimeuliza. Mimi ambaye naona kila kitu, sikuwa nimeuliza. Nilipiga tena, haikupita. Nikapiga tena, nikatuma mtu aninunulie unité, salio la simu, nikapiga, na Ézéchiel alipopokea nilisikia kwa sauti yake kwamba hilo ndilo alilokuwa anakwepa. Floribert alitoka damu nyingi. Wameizuia. Yuko kwenye mashine, hajaamka.

Nilimwambia mama mkwe wangu vilevile, bila kupunguza. Alitikisa kichwa. Kisha akasogea kwenye benchi, mpaka bega lake likagusa langu, na hatukuondoka pale. Giza likaingia, kukapambazuka, mwanamke jirani akatuletea uji na kuuchukua tena. Ézéchiel alipiga kusema Elodie amefungua macho, amesema jina lake mwenyewe sawasawa. Nilisema asante kwa sauti ya chini. Sikuweza kufurahi karibu na yule mama.

Jua lilipokuwa juu simu ililia tena, na haikuwa sauti ya Ézéchiel. Ilikuwa nyembamba, imekauka, kama ya mtu anayetoka mbali kwa miguu.

"Mama Débora. Ni miye."

Nilikuwa na maswali mengi. Nilitaka anieleze rangi ya macho ya Elodie, kama amekunywa maji, kama amekojoa, kama ameniulizia.

"Ngoja, shemeji," nilisema, na simu nikampa mama yake.